Mbuzi Watatu wa Mideva

"Mideva yuko wapi?"

Swali hilo ndilo lililokufanya ulikunje gazeti kwa hasira wiki jana. Basi likunjue. Javan Mulongo bado amesimama palepale, mlangoni kwa aliyekuwa mkewe, mtaa wa Komarock, Ijumaa saa kumi na moja jioni, na karatasi ya chipsi mkononi inavuja mafuta. Amekuja kumchukua binti yake wa miaka saba, kama hakimu alivyoamuru. Naye Kavinya, mama ya mtoto, ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini. Hajavua hata kiatu.

"Unaniuliza mimi?" Kavinya alisema. "Si wewe umemchukua shuleni?"

"Mimi? Nimetoka kwangu Baba Dogo sasa hivi!"

"Javan, wacha mchezo."

"Mama Mideva, ukiniangalia unaona mtu anayecheza?"

Karatasi ya chipsi ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

"Kavata!" Kavinya aliita. Msichana wa kazi alitoka jikoni akijifuta mikono. "Mtoto ulimwachia nani?"

"Sikumwachia mtu. Nilipofika shuleni mlinzi alisema ameshachukuliwa na mwanamume wa kwao. Nikajua ni Baba Mideva. Leo si Ijumaa yake?"

"Mwanamume gani? Mrefu? Mfupi?"

"Sikuuliza. Alinipa tu hiki, eti mama mtoto akikiona ataelewa."

Kavata alitoa kitu mfukoni mwa aproni. Kilikuwa swara mdogo wa mti, bado hajapigwa msasa. Kavinya alimgeuza mara moja tu.

"Ni baba."

"Baba nani?"

"Baba yangu! Masikio haya hayachongwi na mtu mwingine Nairobi nzima."

Javan aliachia pumzi. "Ala! Kumbe yuko kwa babu yake. Umenitoa roho bure."

"Hujui unachosema. Tangu Mideva aanze shule, baba hajawahi kumfuata hata siku moja. Akimfuata leo, ana lake. Twende Dandora."

"Mimi na wewe? Pamoja?"

"Ulitaka nikubebe mgongoni? Tembea!"

Wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, shika haya mawili matatu tusonge. Javan anafanya kazi kwenye kiwanda cha beseni za plastiki. Kavinya anapiga taipu katika ofisi mjini. Waliachana mwaka jana, na kila mmoja akaenda mahakamani akimtaka Mideva peke yake. Hakimu, mama mmoja wa miwani minene, aliwasikiliza hadi akachoka.

"Sheria niliyozoea," aliwaambia, "ni mtoto kwa mama, matumizi kwa baba, faili nifunge. Lakini nyinyi wawili mnampenda huyu mtoto, mnachukiana tu. Nitawajaribu miezi mitatu. Siku za shule kwa mama. Ijumaa moja ndiyo, moja siyo, kwa baba, hadi Jumapili jioni. Mambo ya shule na hospitali mtaamua pamoja. Miezi ikiisha nataka kuwaona hapa wote watatu. Mmoja akikosekana, au mkija mkigombana, nitachagua mzazi mmoja. Sitaomba ushauri."

Miezi mitatu ilikuwa inaisha Jumatatu.

Hiyo Jumatatu ndiyo iliyowatembeza mbio wakikata vichochoro kuelekea Dandora, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama watu wasiojuana. Katika mfuko wa shati, kifuani, Javan alikuwa na barua ya mamake kutoka kwao Mbale. Alipewa langoni mwa kiwanda mchana ule, alipopita kuomba ruhusa, na hakupata nafasi ya kuifungua. Ilikuwa inamkwaruza kila alipopiga hatua.

"Na leo kazini?" Kavinya aliuliza bila kugeuka. "Mideva anasema siku zako hukosi kusinzia."

"Leo nimeomba ruhusa."

"Kwa nini uombe? Kiwanda kinafanya kazi usiku?"

Javan aliongeza mwendo, akampita. Mwanamke aliyeishi naye miaka saba aliujua mwendo ule.

"Javan. Siku ukienda kazi ya usiku, mtoto analala na nani?"

"Kwa Teresiah. Mlango wa pili. Ni mama mzuri, wa kanisa."

"Kwa Teresiah!" Kavinya alisimama katikati ya njia na mtu wa mkokoteni akamkosa kidogo. "Mahakama imekupa mtoto, wewe unampeleka kwa Teresiah?"

"Nisikilize kwanza! Tangu mwaka huu tunafanya wiki moja mchana, wiki moja usiku. Hizo Ijumaa alizotaja hakimu zote zimeangukia wiki yangu ya usiku. Zote! Narudi asubuhi macho mekundu, Mideva anataka tucheze, mimi naanguka kitandani. Anakaa hapo ananilinda nikikoroma."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungekimbilia kwa hakimu kumwambia nimeshindwa."

Kavinya alifungua mdomo amkatalie. Akaufunga. Angekimbia kweli, na viatu mkononi.

"Kwa hivyo tukibadilishana wiki," alisema polepole, "hii iwe yangu, ile iwe yako, umepata kazi ya mchana na Jumamosi yako yote."

"Ndiyo."

"Basi? Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Miezi mitatu, msomaji! Miezi mitatu ya kutumiana vikaratasi ndani ya mkoba wa mtoto, na dawa yake ilikuwa maneno ya dakika mbili. Nami siwezi kupita hapa bila kuwatupia ubeti wangu mfupi:

*Mtoto si kiti changu, nikivute nikalie;*
*mtoto si kiti chako, ukifungie, nilie.*

"Na mimi nina langu," Kavinya alisema walipoanza kutembea tena, safari hii bega kwa bega. "Vile viatu vilivyotoboka anavyokuja navyo kwako. Anavyo vizuri nyumbani. Nilitaka uaibike ununue vipya."

"Nilinunua jozi mbili!"

"Nimeziona. Nzuri."

Javan alicheka. Alicheka mpaka akaona Kavinya hacheki.

"Kuna jambo jingine," Kavinya alisema. "Wathome anataka kunioa."

"Wathome gani? Yule dereva wa meno ya dhahabu?"

"Jino ni moja tu. Amepata kazi Voi. Anataka twende wote."

"Wote nani?"

"Mimi na Mideva."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia angoje Jumatatu."

Walikaza mwendo mpaka Dandora.

Mzee Nzuki alikuwa kwenye kibanda chake cha kuchongea, upande wa Phase Two, amekaa juu ya gogo, shoka dogo mkononi. Wachongaji wenzake wawili, watu wa makamo, walikuwa kando wakipiga msasa. Na katikati ya maganda ya mti, magoti yote meupe kwa vumbi, alikuwa Mideva, anasoma kwa sauti maandishi ya mfuko wa saruji. Huyu mtoto alijifunza kusoma mwaka ule na hakuna kilichomponyoka: unga, dawa za mende, matangazo ya mazishi.

"We-ka ma-ha-li pa-ka-vu," alimaliza, kisha akainua kichwa. "Baba! Mama! Mmekuja pamoja? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," Javan alisema akimwinua juu. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Kaeni."

"Hatukai, baba," Kavinya alisema. "Tumekuja kumchukua mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Msasa ulinyamaza.

"Kesho saa sita," mzee aliendelea, "naondoka kwenda kwetu Wamunyu. Na huyu naondoka naye. Atasoma kule."

"Mzee, kuna amri ya mahakama!" Javan alifoka.

"Mahakama ilikula mbuzi wangu?"

"Mbuzi gani?"

"Ndiyo hayo. Mbuzi gani." Mzee Nzuki aliliweka shoka chini. "Kwetu, anayemtaka msichana anamletea baba yake mbuzi watatu. Majike wawili na dume mmoja. Hao tunawaita ntheo. Bila hao, hata mngeishi pamoja hadi mvi, Kavinya ni msichana wangu ambaye hajaolewa, na alichozaa ni cha nyumba yangu. Nyinyi na hakimu wenu mlikuwa mnagawana kitu cha mwenyewe."

"Mjomba wangu alileta ng'ombe wawili! Kutoka Mbale mpaka kwako! Alilala njiani siku tatu!"

"Ng'ombe wazuri sana. Nawashukuru. Mbuzi wako wapi?"

"Kwetu Maragoli ukishatoa ng'ombe, mbuzi wa nini? Mbuzi ni kitoweo!"

"Ndiyo sababu nawaambia wenzangu kila siku," mzee aliwageukia wachongaji. "Hawa watu hawaulizi." Wenzake walitikisa vichwa kwa huzuni, kama madaktari.

"Baba, miaka minane hukusema neno!" Kavinya alisema.

"Miaka saba mlikuwa nyumba moja. Nilisema ataleta, ataleta. Sasa Jumapili iliyopita huyu mtoto ameniuliza: Babu, kwa mama nalala upande wa dirisha, kwa baba nalala upande wa ukuta, kwani mimi ni mgeni wa nani? Nikakosa jibu. Nina miaka sitini na nane, sijawahi kukosa jibu mbele ya mtoto." Akaokota shoka. "Kesho saa sita."

Sasa hapo, mwanamume mwingine angelia. Javan Mulongo alikasirika, na hasira ilimfikisha mbali kuliko machozi.

"Nikileta hao mbuzi kabla ya saa sita?"

"Mtoto atakuwa wako, na hakuna mtu wa kwetu atakayeuliza tena."

"Na mama yake?"

"Mama yake ataulizwa. Kama atakataa, nafungulia mbuzi warudi."

Macho yote yalimgeukia Kavinya. Alimtazama Mideva, aliyekuwa amemning'inia babake shingoni, halafu akamvuta Javan kando.

"Lete," alinong'ona. "Lakini elewa vizuri, Baba Mideva. Ni kwa ajili ya mtoto. Mimi kwako sirudi."

"Nani amekuuliza urudi?"

"Nakwambia tu."

"Nimesikia tu."

Alfajiri ya Jumamosi ilimkuta Javan Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, begani amebeba redio yake ya kaseti mbili. Ilikuwa kitu pekee cha thamani katika chumba chake. Muuzaji aliyeitwa Abukar aliipokea badala ya pesa, akaisikiliza, akaridhika.

"Mbuzi ya nini, ndugu?"

"Ya mtoto."

"Mashallah! Mtoto kijana au msichana?"

"Msichana."

"Msichana moja inatosha."

"Wanataka watatu."

Abukar alicheka. "Watu yako wanapenda nyama! Sawa. Nitakupa ile safi kabisa."

Kwa Abukar, mbuzi wa mtoto ni wa kuchinjwa kushukuru amezaliwa. Akachagua kama anavyowachagulia watu wake: madume matatu, manene, mazuri, kila moja na shingo kama gunia. Javan alitazama unene tu. Mtu wa beseni atajua nini? Akafunga kamba, akawakokota Huruma, akawakokota Kariobangi, mbuzi mmoja akala kabichi ya mtu, mwingine akakaa katikati ya barabara akakataa maisha. Alifika Dandora saa tano na nusu, shati limelowa, ameshinda dunia.

Mzee Nzuki aliwazunguka mbuzi mara moja. Akainama nyuma ya wa kwanza. Akainama nyuma ya wa pili. Nyuma ya wa tatu hakuinama. Alikaa kwenye gogo lake na kucheka mpaka akakohoa.

"Nini?" Javan aliuliza.

"Huyu ataninyonyeshea nani?" mzee alisema akifuta machozi. "Watatu, na hakuna hata jike! Utaanzisha nyumba na madume matupu?"

"Nitarudi kubadilisha!"

"Saa sita kasoro ishirini. Nenda. Ukimbie na hao pia."

Kavinya alimfunika Mideva masikio, akasema jambo ambalo gazeti hili haliandiki.

Hapo ndipo gari lilipopiga honi.

Ilikuwa pikapu nyeupe, imeoshwa inang'aa. Ndani yake, Wathome, shati la maua, jino la dhahabu mbele. Nyuma yake walikuwa mbuzi watatu. Na huyu alikuwa mtu wa Mwingi, kabila moja na mzee, hakuhitaji kuelezwa: majike wawili meupe na dume jeusi la ndevu.

"Hamjambo wazee!" Wathome aliruka chini. "Nilisikia kuna soko leo."

"Nani alikwambia?" Javan alifoka.

"Mimi," mzee alisema bila aibu. "Nina binti mmoja. Siwezi kuwafungia watu mlango."

Wathome aliinama kwa Mideva. "Sasa, mrembo? Voi kuna ndovu, unajua? Wanakuja mpaka kwenye ua."

"Na Ijumaa ya baba?" Mideva aliuliza.

"Huko hakuna Ijumaa ya baba. Huko baba ni mimi."

Javan alikunja ngumi. Akakumbuka Jumatatu, akaikunjua. Haikuwa kazi ndogo, nawaambieni.

"Naona wasiwasi hapa," Wathome alisema, akasimama juu ya ubavu wa pikapu ili aonekane vizuri. Majirani walikuwa wamejaa, na mtu wa jino la dhahabu akiona watu hawezi kunyamaza. "Mimi si mtu wa kubahatisha kama wengine. Mbele ya wazee na watu wote nasema: Kavinya, mbuzi hawa ni wako. Wako kabisa, tangu sasa hivi. Unikubali, usinikubali, sirudi nao!"

Watu walipiga makofi. Mzee Nzuki aliinuka.

"Kavinya. Saa sita imefika. Nipokee mbuzi wa nani?"

Kavinya alitembea mpaka kwenye pikapu. Javan alimwona akifungua kamba ya jike la kwanza, halafu la pili. Ilikuwa imekwisha. Mideva atapanda gari jeupe, ataona ndovu, na baba atakuwa mtu wa kwenye hadithi.

Kavinya aliwaongoza wale majike wawili kupita mbele ya wazee. Akampita Wathome. Akasimama mbele ya Javan, akamwekea kamba zote mbili mkononi.

"Ongeza dume lako moja," alisema. "Baba, hesabu sasa."

Halafu Dandora ikalipuka.

"Hao ni mbuzi wangu!" Wathome alipiga kelele.

"Walikuwa," Kavinya alisema. "Umenipa mbele ya watu wote. Nikukubali, nisikukubali. Au una maneno mawili?"

Wathome alitafuta msaada kwa wachongaji. Wachongaji walikuwa wameinama kwenye msasa, mabega yanatetemeka. Alilifunga vizuri dume jeusi lililobaki, akaingia ndani ya pikapu, akaondoka bila honi.

Mzee Nzuki aliwatazama mbuzi wale watatu kwa muda mrefu. Mideva alimshika kidole.

"Babu, wametosha?"

"Wametosha," mzee alisema. Akazichukua kamba. "Nimepokea. Jumatatu nendeni wote mkamwone huyo hakimu. Na kama anataka shahidi, mimi nitavaa koti."

Javan alimbeba Mideva, akamrusha hewani, akamdaka. Kavinya alikuwa anacheka na kulia, hajui aanze na kipi.

"Halafu," mzee aliendelea, "Kavinya, kafunge nguo zako. Leo unalala Baba Dogo."

Kicheko kilikatika. "Baba! Tulisema ni kwa ajili ya mtoto!"

"Mlisema nyinyi. Mbuzi hawakusema. Ntheo haina nusu, binti yangu. Tangu saa hii hawa ni mume na mke, wazee mmeshuhudia?"

"Tumeshuhudia," wachongaji walisema kwa pamoja.

Kavinya alimtazama Javan. Javan alimtazama Kavinya. Na nitawaambia kitu ambacho wao wenyewe hawakuambiana: hakuna aliyesema hapana. Kavinya alirekebisha kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa na kasoro. Javan alikohoa.

"Ni chumba kimoja tu," alisema.

"Nakijua. Umepiga deki lini?"

"Hata leo naweza."

Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Jua lilikuwa limewaka, mbuzi walikuwa wanakula maganda ya mti, na Mideva, begani mwa babake, alikuwa amekosa cha kusoma. Mkono wake mdogo uliingia katika mfuko wa shati na kutoka na bahasha iliyolowa jasho.

"Baba, hii ni ya nani?"

"Ya nyanya yako. Fungua tu, usome," Javan alisema, kwani siku hiyo angekubali lolote. Mama yake hakujua kuandika, huandikiwa na karani wa kanisa, kwa Kiswahili safi na herufi kubwa. Mtoto yeyote angezisoma.

Mideva alikunjua karatasi. Watu walinyamaza wasikie, maana sauti yake ilikuwa tamu.

"Mwa-na-ngu Ja-van. Si-si hatu-ja-mbo. Kwa kuwa m-ke wako ali-ku-acha, na mwa-na-mu-me hawezi ku-kaa hivyo, nime-ku-pa-tia mwi-ngine. Jina lake ni Kha-la-yi. Anafika Ju-ma-mo-si asu-bu-hi kwa basi. Nime-m-pa ule u-fu-nguo wa nyumba yako ulioni-a-chia Kri-sma-si."

Alikunja barua vizuri, kama mwalimu alivyomfundisha. Akamwinamia babake, uso kwa uso, kwa sababu kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulielewa.

"Baba," aliuliza, "huyo Khalayi atalala upande wa ukuta, au upande wa dirisha?"